Umebadili sproketi kwa ajili ya milima na pikipiki bado inasumbua: dalili, chanzo na tiba

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za lami, na sehemu kubwa ni kupanda. Lami hiyo pikipiki huimudu. Shida inaanza mbele yake, kwenye njia za udongo za kuelekea Mlalo, Mtae na vijiji vya pembeni, mvua imenyesha na nyuma umefunga matenga ya kabichi, au abiria na gunia la mbolea. Pikipiki ya cc 125 iliyopangiwa meno ya barabara tambarare inafika huko ikihema. Ndiyo maana madereva wengi wa Usambara na Uluguru, na wenzao wa Taita na Marakwet kule Kenya, hubadili sproketi, yale magurudumu mawili ya meno yanayobeba cheni.

Ni kazi nzuri na ya gharama ndogo, lakini hesabu ikikosewa au kitu kimoja kikiachwa bila kufungwa, matatizo yanayofuata ni yale yale kila mara. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Katika kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea sana, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu umetangulia.

Hesabu kwanza, kabla ya spana

Gawanya meno ya sproketi ya nyuma kwa meno ya sproketi ya mbele. Ikiwa nyuma ni 42 na mbele ni 14, jibu ni 3, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara moja. Jibu likipanda, pikipiki inapata nguvu ya kuvuta na kupoteza mwendo. Likishuka, inapata mwendo na kupoteza nguvu. Huwezi kupata vyote viwili kwa sproketi, na fundi anayekuahidi vyote viwili anakuuzia vyuma tu.

Mbele na nyuma zinafanya kazi kinyume, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kupata nguvu ya mlima unapunguza meno ya mbele au unaongeza ya nyuma. Jino moja la mbele lina uzito wa meno kama 3 ya nyuma: 13 mbele kwa 42 nyuma ni 3.23, na 14 mbele kwa 45 nyuma ni 3.21. Ukitoka 14 kwa 42 kwenda 14 kwa 45 unaongeza nguvu ya kuvuta kwa asilimia 7 hivi. Pikipiki iliyokuwa inafika kilomita 80 kwa saa, kwa mzunguko ule ule wa injini sasa itafika kama 75. Ukibadili zote mbili kwa pamoja, 13 kwa 45, jibu ni 3.46. Hiyo ni zaidi ya asilimia 15, na 80 yako inakuwa 69.

Ushauri wangu kwa anayechanganya lami na milima ni kuongeza meno 3 ya nyuma na kuiacha ya mbele ilivyo. Sproketi ndogo ya mbele ni rahisi kununua na rahisi kufunga, lakini cheni inapokunjwa kwenye duara dogo pingili zinasagika upesi, meno machache yanabeba mzigo wote, na cheni inakula raba ya swingi amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Chini ya meno 13 kwa cheni ya 428 (namba hiyo ni saizi ya cheni) mimi sishauri kabisa.

Hesabu meno ya sproketi ulizonazo kwa macho yako. Pikipiki ikishapita mikono miwili mitatu, huwezi kujua nani aliweka nini.

Dalili: haipandi mlima, inataka gia ya kwanza kila mara

Hii ndiyo inayowapeleka watu kununua sproketi, na mara nyingi sproketi haina hatia. Pita hapa kwanza.

*Klachi inateleza.* Ukiwa gia ya 3 au ya 4 kwenye mwinuko, fungua mafuta ghafla. Injini ikilia kwa nguvu na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Angalia waya kwanza: mkono wa klachi uwe na uhuru mdogo, sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha yake, kabla haujaanza kuvuta. Uhuru ukiwa haupo kabisa, klachi haishiki vizuri hata kama pleti ni mpya. Kisha jiulize umeweka oili gani. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya pleti ziteleze. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Waya ukiwa sawa na oili ni sahihi na bado inateleza, pleti zimekwisha.

*Breki imeshika.* Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka gia huru, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likisimama mara moja, legeza nati ya fimbo ya breki. Ukitoka safari shikilia kiganja karibu na dramu bila kuigusa. Joto kali wakati hukutumia breki linakupa jibu.

*Hewa haiingii.* Chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la kiangazi linanyonga injini. Lifungue, ulitikise, uliangalie kwenye mwanga. Hapa kumbuka pia kwamba mlima wenyewe unaiba nguvu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10, na Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400 hivi. Pikipiki iliyokuwa nzuri Korogwe haiwezi kuwa ile ile Lushoto. Plagi ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, kabureta inatoa mafuta mengi kuliko hewa, na fundi wa kabureta atakusaidia kuliko muuza sproketi.

*Tairi.* Upepo mdogo unaongeza uzito wa kusukuma. Na ukibadili tairi ya 2.75-18 kwa 3.00-18, gurudumu limekua kwa asilimia 2 hivi, umejipunguzia nguvu bila kujua.

Hayo yote yakiwa sawa na bado mlima unaoupanda kila siku unakulazimisha kubaki gia ya kwanza huku ya pili ikiizima injini, basi sasa ni sproketi.

Dalili: umebadili, sasa injini inalia sana barabarani na mafuta yanakwisha upesi

Umezidisha. Kama 14 kwa 42 uligeuza kuwa 13 kwa 45, ndicho ulichonunua. Rudisha 14 ya mbele, acha 45 ya nyuma, na uone wiki moja. Dereva wa Soni anayeshuka Mombo kila siku hawezi kutumia meno ya dereva asiyetoka Mtae.

Kama badala yake pikipiki imekuwa nzito zaidi mlimani na nyepesi kwenye lami, sproketi zimewekwa kinyume: mbele imeongezwa au nyuma imepunguzwa. Hesabu meno tena.

Kuhusu mshale wa mwendo: pikipiki nyingi za hapa huuvuta kwa waya kutoka gurudumu la mbele, kwa hiyo kubadili sproketi hakuugusi. Zile zinazochukua mwendo kwenye gia boksi zitaonyesha mwendo mkubwa kuliko wa kweli.

Dalili: cheni inaruka meno ukivuta mzigo

Unasikia "kraa!" na mguu wako unahisi pikipiki imekosa kushika kwa nukta moja. Inatokea gia ya kwanza, kwenye mwinuko, mzigo ukiwa nyuma. Usiendelee kupanda nayo hivyo.

Chanzo kikubwa ni sproketi mpya kufungiwa cheni kuukuu. Cheni inapotumika haivutiki kama raba. Pini na bushi zake zinalika, na kila pingili inarefuka kidogo. Sproketi mpya imechongwa kwa pingili ya kipimo kamili, kwa hiyo cheni iliyorefuka inapanda juu ya meno badala ya kukaa chini kwenye shina. Ndani ya muda mfupi inayaharibu meno mapya, na pesa ya sproketi imekwenda.

Pima hivi. Shika cheni pale inapozunguka nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ivute kuelekea nyuma kwa vidole. Ikiachana na sproketi hadi nusu ya jino ionekane, imekwisha. Kwa kipimo cha uhakika tumia rula ya chuma. Kaza cheni isilegee, kisha pima pingili 20 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini ya ishirini na moja. Cheni mpya ya 428 inatoa milimita 254. Ikifika 259 ibadilishe, hata kama inang'aa.

Kisha tazama meno. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililokwisha limelikwa upande mmoja na ncha yake imelala kama pezi la papa. Pitisha ukucha kwenye upande uliolika: ukinasa kwenye ndoana, sproketi hiyo haifai cheni mpya. Nunua seti: mbele, nyuma na cheni kwa mara moja. Inauma mfukoni siku hiyo, lakini kununua kimoja kimoja kunaua vyote vitatu.

Chanzo cha pili ni cheni kulegea kupita kiasi. Cha tatu ni saizi kuchanganywa. Cheni ya 420 na ya 428 zina umbali ule ule kati ya pini, milimita 12.7, ila upana wa ndani ni tofauti. Cheni ya 428 itakaa juu ya sproketi ya 420 na kuzunguka vizuri mbele ya duka, lakini inayumba pembeni. Mlimani itakuangusha. Soma namba zilizogongwa kwenye cheni na kwenye sproketi, zote mbili.

Dalili: cheni inachomoka

Cheni ikichomoka pikipiki ikiwa kwenye mwendo inaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua ganda la injini, au kufunga gurudumu la nyuma ghafla. Ikichomoka mara moja, usirudishie tu na kuondoka.

Anza na ulegevu. Pikipiki nyingi za 125 na 150 zinataka cheni icheze sentimita 2 hadi 3 juu na chini, katikati ya sproketi mbili. Kipimo cha yako kiko kwenye kitabu chake, na mara nyingine kwenye kibandiko cha swingi amu. Zungusha gurudumu na upime sehemu tatu au nne, kisha urekebishe kwa kufuata sehemu iliyokaza kuliko zote. Halafu mtu akae juu ya kiti, mzigo uwekwe, na upime tena, maana pikipiki ikibonyea kwa uzito cheni inakaza. Anayekaza pikipiki ikiwa tupu na kwenda kupakia viazi anajikuta na cheni iliyonyooka kama waya wa simu.

Ukiona ulegevu uko sawa, angalia mstari. Chuchumaa nyuma ya pikipiki, funga jicho moja, tazama kwa urefu wa cheni. Inatakiwa inyooke kutoka sproketi hadi sproketi bila kupinda pale inapoacha meno. Alama za swingi amu ni msaada, lakini kwa pikipiki iliyowahi kuanguka zinaweza kusema uongo. Ushahidi wa kweli uko kwenye sproketi: meno yakiwa yameng'aa upande mmoja wa ubavu, gurudumu limekaa mshazari.

Cha tatu ni pingili ya kuungia, ile yenye klipu. Klipu hufungwa sehemu iliyoziba ikitangulia kule cheni inakoelekea, na mdomo ulio wazi ubaki nyuma. Ikifungwa kinyume, jiwe au kijiti kinaweza kuikokota na kuitoa. Ukishafunga, ibonyeze kwa kidole: isicheze. Klipu iliyowahi kupanuliwa kwa bisibisi isirudishwe.

Zaidi ya hapo ni beringi. Shika sproketi ya nyuma kwa mikono miwili, itikise kulia na kushoto. Ikicheza, beringi ya upande wa sproketi imekufa. Endesha taratibu hadi kwa fundi, bila mzigo wala abiria.

Dalili: cheni mpya haifiki, au ekseli imefika mwisho

Meno 3 zaidi nyuma yanakula pingili 1 na nusu ya cheni. Gurudumu litasogea mbele kama sentimita 1. Kama cheni yako ilikuwa imevutwa nyuma, nafasi hiyo ipo. Kama ilikuwa mpya, huenda haipo, na utahitaji cheni yenye pingili 2 zaidi, kwa sababu cheni ya kawaida huongezwa na kupunguzwa mbili mbili.

Hapa kuna tabia ninayoipinga kwa moyo wote, ya kukata kipande cha cheni kuukuu na kukiunga kwenye mpya kwa klipu ya pili. Kipande hicho kina pingili ndefu kuliko wenzake, kwa hiyo kila kikipita juu ya meno kinagonga, na sasa una sehemu mbili dhaifu badala ya moja. Nunua cheni ndefu ya kutosha na uipunguze.

Gurudumu likisogea mbele, angalia pia tairi lisiguse mafagadi wala swingi amu. Na hamia mara moja kwenye breki, kama nitakavyoeleza chini.

Dalili: kelele

Kukwaruza kwa chuma kunakofuata mwendo wa gurudumu, kulikoanza siku ile ile ya kubadili, kwa kawaida ni boksi la cheni. Sproketi ya 45 ni pana kuliko ya 42 na boksi lilitengenezwa kwa saizi yake ya mwanzo. Fungua boksi, tafuta mstari unaong'aa kwa ndani. Mbele pia, sproketi kubwa au cheni nene inaweza kugusa kava la injini.

Kung'ong'a mfululizo ni cheni iliyokaza au iliyokauka.

"Tak!" moja wakati wa kuondoka na nyingine unapoachia mafuta, ni raba za habu. Zipo ndani ya dramu, kati ya sproketi na gurudumu, kazi yake kupokea mshtuko. Shika gurudumu lisizunguke, kisha jaribu kuzungusha sproketi peke yake mbele na nyuma. Ikicheza sana, raba zimekwisha. Vipande vya tyubu vikishindiliwa vitakufikisha nyumbani, visikae humo mwezi mzima. Meno ya mlima yanazitesa raba hizi zaidi kuliko ya tambarare, kwa hiyo ukifungua gurudumu kubadili sproketi, zibadilishe siku hiyo hiyo.

Kugonga kunakokwenda na kurudi kwa kila mzunguko wa cheni ni pingili zilizoganda kwa kutu. Ikunje cheni pingili moja moja kwa mkono, utaziona zinazobaki zimepinda. Mafuta ya taa na brashi vitasafisha, oili ya gia ya SAE 90 italainisha. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo wengi wanaimwagia cheni, imebeba masizi na unga wa chuma. Safisha injini ikiwa imezimwa, ukizungusha gurudumu kwa mkono. Usiwashe injini na kuweka gia ili cheni ijizungushe huku umeshika kitambaa: kitambaa kikinaswa kinavuta vidole kwenye meno, na vidole havirudi.

Dalili: sproketi ya mbele inacheza, au kuna oili nyuma yake

Pikipiki nyingi za Kichina zimefuata muundo wa Honda CG125 wa miaka ya 1970. Kwenye nyingi kati ya hizo sproketi ya mbele haikazwi kwa nati kubwa. Inakaa kwenye mifereji ya shafti, na inazuiwa na kipleti chembamba chenye bolti mbili za spana namba 10. Kucheza kidogo kuingia na kutoka ni kawaida yake. Kisicho kawaida ni kucheza kwa kuzunguka: shika sproketi, izungushe mbele na nyuma wakati gia imeingia. Ukisikia inagonga kwenye mifereji, ama sproketi imelika kwa ndani, ama shafti yenyewe imelika.

Kabla ya kununua, fahamu kwamba sproketi hizi za mbele zinauzwa za shafti ya milimita 17 na za milimita 20, zenye meno sawa na sura ile ile. Nenda dukani na ya zamani mkononi. Usikubali kugongewa kwa nyundo iingie, na usikubali ya shafti kubwa "ikazwe kwa washa".

Oili ikivuja nyuma ya sproketi, safisha vizuri, endesha kidogo, uangalie tena. Sili ya oili iliyochoka inabadilishwa bila kufungua injini. Lakini kwanza shika shafti na uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi ya gia boksi imeanza kufa, na cheni iliyokazwa kupita kiasi ni miongoni mwa wauaji wake wakuu. Hapo acha, usiendelee mwenyewe. Kuifikia beringi hiyo kunataka injini ishushwe na kupasuliwa katikati, kazi ya fundi wa injini mwenye vifaa.

Bolti mbili za kipleti zikazwe na kuangaliwa baada ya safari za kwanza. Zikianguka, sproketi inatoka kwenye shafti ukiwa njiani. Nati za sproketi ya nyuma zikaze kwa kuvukana, moja na ya mkabala wake, kisha kunja masikio ya washa yaelekee kwenye ubapa wa nati. Masikio yaliyokwisha kunjwa mara kadhaa hukatika, nunua mapya.

Dalili: gurudumu la mbele linanyanyuka kwenye mwinuko

Nguvu imeongezeka na mzigo uko nyuma ya ekseli. Hakuna kilichoharibika. Sogeza mzigo mbele kadiri kiti kinavyoruhusu, shusha matenga, na panda kwa gia ya pili pale ulipozoea ya kwanza, maana ndiyo sababu ulibadili meno. Ikiwa bado inanyanyuka, mzigo umezidi, na sproketi hazitakusaidia.

Dalili: inashuka ikikimbia, au breki zinachoka mteremkoni

Watu huja kutafuta meno ya kupandia, lakini kwa maoni yangu faida kubwa zaidi ya meno ya mlima iko kwenye kushuka. Uwiano uliopanda kwa asilimia 7 unafanya injini iwe inazuia gurudumu kwa nguvu zaidi katika gia ile ile. Kwenye mteremko mrefu wenye kona na korongo upande mmoja, hiyo ndiyo breki isiyopata moto.

Kama unashuka na pikipiki bado inakukimbia, chanzo cha kwanza ni gia. Wapo wanaoweka gia huru au kuzima injini kabisa ili kuokoa mafuta. Ukifanya hivyo breki za dramu zinabeba uzito wote peke yake. Zinapata moto, viatu vya breki vilivyo ndani ya dramu vinapoteza msuguano, pedeli inakwenda chini na pikipiki haisimami. Shuka kwa gia ile ambayo ungepandia, uiingize kabla mteremko haujaanza. Ukinusa harufu ya kuungua, simama mahali pa usalama dramu zipoe zenyewe. Usimwagie maji.

Chanzo cha pili kimetokana na kazi uliyofanya. Uliposogeza gurudumu mbele, fimbo ya breki ililegea. Pedeli sasa inakwenda mbali kabla ya kushika. Kaza nati ya fimbo, zungusha gurudumu lisishike, bonyeza pedeli ujaribu, kisha angalia taa ya breki inawaka kwa wakati.

Cha tatu ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote kwenye maandishi haya. Kuna chuma kirefu kinachounganisha bamba la breki na swingi amu, kinachozuia bamba hilo lisizunguke na gurudumu. Ukitoa gurudumu, unafungua bolti yake. Ikisahauliwa, au ikifungwa kwa mkono bila pini yake ya kukunja, siku utakapokanyaga breki kwa nguvu bamba zima litazunguka, litajinyonga na fimbo, na gurudumu litafunga. Kabla ya kuwasha injini, gusa bolti hiyo kwa spana na uone pini kwa macho. Ikiwa mtu mwingine alikufungia, kagua hivyo hivyo, na hatakasirika fundi anayejua kazi yake.

Kiatu kilicholika, dramu yenye mfereji ndani, mkono wa breki uliopita alama yake: hapo ni fundi, na pikipiki isipakiwe mpaka imetengenezwa.

Wenye pikipiki za magurudumu manne

Hesabu ni ile ile kwa zile zinazotumia cheni. Zile za michezo huwa na cheni ya 520, yenye milimita 15.875 kati ya pini, kwa hiyo pingili 20 mpya ni milimita 317.5. Yamaha Raptor 700, kwa mfano, hutoka kiwandani na meno 14 mbele na 38 nyuma, na tairi za nyuma za inchi 20. Ukiziwekea za inchi 22 umepoteza nguvu karibu asilimia 10, na sproketi ya 13 mbele inakurudishia kama asilimia 8 ya hiyo. Zenye mkanda au shafti badala ya cheni hazina sproketi za kubadili. Mzigo ukizishinda, muone fundi wake.

Siku za mwanzo

Cheni mpya inalegea haraka mwanzoni, kisha inatulia. Ipime baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na tena baada ya wiki. Siku hizo hizo pitisha spana kwenye nati za sproketi ya nyuma, bolti mbili za kipleti cha mbele, nati ya ekseli na chuma cha bamba la breki. Kwenye njia ya matope ipake oili jioni, cheni ikiwa bado ya moto, ili oili iingie ndani ya pingili usiku kucha na kilichozidi kidondoke kabla hujapakia asubuhi.